Ukija Mwaloni Kwetu, Angalia Mwezi Kwanza

Rafiki zangu watatu walitoka Dar es Salaam kuja kunisalimia Mwanza, wakasema hawaondoki bila kuona kijiji cha wavuvi. Nikawapeleka nyumbani, kwenye mwalo niliozaliwa, yaani ufuko wa kushushia samaki, upande wa Ilemela, ukishapita uwanja wa ndege. Nilichagua Jumamosi kwa sababu ndiyo siku nisiyokwenda kazini. Tukakuta mitumbwi imevutwa nchi kavu, nyavu zimetundikwa, vijana wanacheza drafti kwa vizibo vya soda chini ya mwembe. Baa mbili za ufukweni zilikuwa zinashindana kwa spika. Sangara tuliyeletewa mezani alitoka kwenye friza, na friza ilijazwa mjini asubuhi ile ile. Rafiki yangu mmoja, mtu wa adabu, akasogeza miiba pembeni ya sahani akaniuliza, "Dada, sasa wavuvi wenyewe wako wapi?"

Jioni mwezi ukapanda nyuma ya vilima, mzima kama sinia, nikajishika kichwa. Mimi, binti wa muuza dagaa, nilipanga safari ya mwaloni bila kuangalia mwezi.

Tangu hapo nimepeleka wageni mara nyingi, na kila anayeuliza namwandikia mambo yale yale, basi bora niyaweke pamoja. Jina la mwalo wetu silitaji. Vyumba vya kulala ni vichache, na mama yangu bado anaishi pale, hapendi wageni wa ghafla. Lakini haya yatakufaa Igombe, yatakufaa Kayenze, na hata ukivuka kwenda Ukerewe utayatumia.

Mwezi kabla ya nauli

Dagaa wa ziwa letu, Ziwa Victoria, huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawekwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wakishakusanyika wanazungushiwa wavu. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta ya taa, sauti yake "shiii" ukiisikia hadi nchi kavu usiku ukitulia. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Kanuni haijabadilika: mwezi ukiwaka kuliko taa, taa haina kazi. Kwa hiyo mwezi ukijaa wavuvi wa dagaa wanapumzika siku kama kumi. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wengine wanakwenda makwao kusalimia, wengine wanabaki kumaliza pesa.

Huhitaji kuwa mtaalamu wa nyota. Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile inayotundikwa madukani. Kati ya tarehe 11 na 19 ya mwezi mwandamo, njoo kuogelea, njoo kulala, usije kuona dagaa. Kuanzia 25 mpaka 5 ndiyo giza lenyewe. Siku zilizobaki zina hesabu zake: mwezi ukiwa mchanga unazama mapema, basi taa zinawashwa ukishazama; mwezi ukishapita kujaa unachelewa kutoka, basi watu wanawahi kuvua kabla haujachomoza. Muulize mvuvi yeyote, "Leo mnaingia saa ngapi?" Utaona anatazama juu kwanza, ndipo anajibu.

Giza lina kero yake moja. Siku mwezi unapoandama wadudu wadogo sana hutoka ziwani kwa wingi, ukiwaona mbali utadhani ni moshi wa mtu anayechoma shamba katikati ya maji. Hawaumi, lakini wanaingia kwenye chai, masikioni na kwenye mchuzi. Zima taa ya barazani, ule mapema.

Kuhusu msimu sina maneno mengi. Masika, Machi hadi Mei, dagaa hawakauki. Wanaoza mchangani na wengi wanaishia kuwa chakula cha kuku, na harufu yake hutaisahau. Juni hadi Agosti kunakauka vizuri. Siku za wiki ni bora kuliko Jumamosi na Jumapili, spika zinalala, na bei ya chumba inajadilika.

Kufika

Hiace zinakwenda. Njia ya kwetu inapita uwanja wa ndege, kisha Igombe, Sangabuye, hadi Kayenze. Gari lako likiwa la chini, wakati wa mvua liache mjini. Beba pesa taslimu za noti ndogo: wanawake wa mwaloni wana simu za kupokea pesa kama watu wote, ila saa kumi na mbili asubuhi mikono yao ina magamba na hakuna anayetaka kuishika simu.

Toka nje ya geti

Hoteli za ufukweni zimejengwa zikilitazama ziwa na kukipa kijiji mgongo. Ukiingia, unakaa kwenye kiti cha kuegama, unapata soda baridi, na unaweza kumaliza siku mbili bila kujua kwamba nyuma ya ukuta kuna shule, kanisa, msikiti na kaya zaidi ya mia. Nasema toka. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwetu kuna waliojenga ndani ya mita hizo bila wasiwasi, mpaka mwaka 2020 ziwa lilipopanda likaja kuzipima lenyewe. Kibanda kimoja cha baa kilibaki paa tu juu ya maji, na watoto wakapata pa kurukia.

Ukitoka, kitu cha kwanza ni salamu. Kabla ya adhuhuri sema "Mwangaluka," baada ya hapo "Mwadila," na mtu mzima umpe shikamoo yake. Simama. Usisalimie huku miguu inaendelea, kwa Wasukuma hiyo si salamu, ni kelele. Mwaloni kuna Wakerewe, Wajita, Wakara, Wahaya na Wajaluo pia, Kiswahili kinawatosha wote, lakini ukisema "Wabeja" badala ya asante utaona uso unavyofunguka.

Kisha tafuta kibanda cha BMU, kile kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi. Huwa karibu na mzani. Jitambulishe, sema umekuja kutembea na ungependa kuona mitumbwi ikiingia. Usipofanya hivyo watadhani wewe ni mtu wa doria uliyekuja kukagua nyavu, na mwalo mzima utakunyamazia. Nimeona mgeni mmoja mwenye kofia ya kijani na daftari akatembea ufukwe wote, kila anapofika watu wanakumbuka shughuli nyingine. Maskini alikuwa mwalimu wa kuchora.

Picha: omba. Wapo wasiotaka kwa sababu ya dini, wapo wanaodaiwa, wapo ambao nyavu zao hazistahili kuonekana. Na kila mwalo una upande wa kuogea wanaume, kwa kawaida nyuma ya mawe makubwa. Mawe yale ni mazuri kweli kwa picha. Uliza kwanza.

Asubuhi, saa kumi na moja

Hapa ndipo nakuomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo wageni wanaharibu.

Uwe ufukweni kabla hakujapambazuka, umevaa sweta na viatu vya plastiki. Utasikia injini kabla hujaona kitu. Wanawake wenye ndoo wameshaingia majini hadi mapajani, kila mmoja na kanga yake imefungwa juu. Mtumbwi unapokaribia, bei inaanza kusemwa kabla haujagusa mchanga. Inasemwa kwa sauti ya chini, kwa mafumbo, kwa utani wa kikabila, na ndoo ya kwanza inayouzwa ndiyo inayoweka bei ya asubuhi yote.

Mwaka mmoja mgeni wangu, kijana mkarimu, alisogea mbele ya wote akamuuliza mvuvi ndoo shilingi ngapi. Mvuvi akataja bei ya kuanzia, ambayo hakuna mtu mwenye akili zake anayeilipa. Kijana akasema, "Sawa, nachukua." Nilisikia wanawake wakiguna. Mama yangu hakumkaripia, alinigeukia mimi: "Mwanangu, mgeni wako ametupandishia ndoo." Asubuhi ile kila mwanamke alinunua ghali kwa sababu ya ukarimu wa mtu ambaye hakuwa hata na pa kuanika dagaa wake.

Kwa hiyo: simama pembeni, juu kidogo, usikae kati ya mtumbwi na ndoo. Tazama. Usinunue kutoka mtumbwini. Ukitaka dagaa subiri saa tatu, nenda kwa wanawake wanaoanika, nunua kwao kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Hapo utapatana kwa raha na faida inabaki kwa aliyelowa.

Kuchagua dagaa wakavu si kazi ngumu. Waliokauka siku moja kwa jua kali wanang'aa kama bati jipya; waliolaliwa na mvua wana rangi ya njano na tumbo limepasuka. Chukua wachache, wasugue viganjani juu ya kitenge cheusi, kisha tazama kitenge. Mchanga ukionekana, walianikwa chini. Wa kichanja au wa juu ya nyavu hawaachi kitu. Wa mchangani ni wa bei rahisi na wanaliwa, ila utawaosha mara tatu na jino lako moja litalalamika hata hivyo. Kwa safari ya basi, wafunge kwenye gazeti kwanza, halafu mfuko wa salfeti. Nailoni inawatoa jasho, na ukifika Dodoma basi zima linakujua.

Usikatize juu ya dagaa walioanikwa. Najua wanaonekana kama mchanga unaometa. Zunguka. Kwetu, pale penye viti vya kuegama na miavuli ndipo mama alipoanika miaka ishirini na zaidi. Leo amebaki na kipande chembamba kando ya ukuta. Hana kinyongo na hoteli, anawauzia sato na mpwa wangu ni mhudumu pale. Kinyongo chake ni mwavuli mmoja wa mwisho upande wa kulia, ambao ikifika saa tisa alasiri kivuli chake kinaangukia dagaa zake. Ukikaa chini ya mwavuli huo na akaja bibi kukuomba uukunje kidogo, ukunje.

Kula

Usiagize samaki hotelini saa saba mchana, utaletewa wa friza. Nenda asubuhi kwa mama lishe, mwambie unataka nini na saa ngapi, mwachie pesa ya kununulia. Mwombe sato wa kuchoma na ugali wa muhogo. Kama una bahati ya giza, mwombe dagaa wabichi wakaangwe mpaka wawe kama karanga, na ndimu. Furu wakiwepo usiwaache. Ni wadogo, wana miiba, wageni wanawadharau. Tulipokuwa watoto wazee walituambia ziwa lilikuwa limejaa furu wa kila rangi. Sangara aliletwa humu miaka ya 1950, akawala karibu kuwamaliza. Sasa wanaonekana tena kidogo kidogo, na mchuzi wao mzito wa nyanya ndio nauhesabu kuwa chakula cha nyumbani.

Sato mbichi anajulikana kwa matamvua: yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza ubavu, nyama irudi. Sato wote wakiwa wa kimo kimoja kama matofali, wametoka kwenye vizimba vya kufugia; ni chakula kizuri, lakini usilipie bei ya wa ziwani. Na wadogo waache, hata kama ni rahisi: sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa. Wewe ukinunua, kesho analetwa mwingine mdogo zaidi.

Ukinunua sangara mzima, simama uone anavyopasuliwa. Kitu cha kwanza kitakachotolewa na kuwekwa kando, bila neno, ni bondo, ule mfuko wa hewa mweupe. Linakaushwa na kupelekwa Asia, na kwa uzito wake lina thamani kuliko nyama. Kisheria ya soko bondo ni lako, umelilipia. Huna pa kulipeleka, basi mwambie mpasuaji, "Bondo nakuachia, nipunguzie." Atacheka, atakutazama upya, na atapunguza.

Maji

Kichocho kipo. Si hadithi ya kutishia watoto. Mimi nimetibiwa mara mbili na darasa letu zima lilikunywa vidonge. Vimelea vyake vinatoka kwenye konokono wanaokaa penye majani na matete, maji yaliyotulia, na vinakuwa vingi jua likiwa juu, saa nne hadi saa nane. Maji yenye mchanga mtupu na mawimbi yana hatari ndogo, lakini ndogo si sawa na hakuna. Ukitaka kuogelea kwa amani, pelekwa na boti maji ya kina, urukie huko. Uliza pia maji ya bafuni yanatoka wapi: yakiwa yamekaa kwenye tangi siku mbili, oga, yakiwa yanavutwa moja kwa moja kutoka ziwani, omba ndoo ya maji ya moto.

Ukiwa umeingia maji ya pembeni, usimeze dawa kesho yake ukadhani umemaliza. Dawa yenyewe, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa. Subiri wiki nane hivi, nenda kapime, umeze kwa maelekezo.

Penye matete kuna na viboko, hasa jioni na usiku wanapopanda kula majani. Kijiji kinajua njia zao. Ukiambiwa "huko usipite saa hizi," usiulize sababu.

Mtumbwi

Asubuhi ziwa ni kioo, mchana upepo unaamka, na ikifika saa tisa mawimbi yanaweza kukutapisha mita mia kutoka ufukweni. Basi panga matembezi ya mtumbwi yaanze saa moja asubuhi na yaishe kabla ya saa tano. Patana bei ya kwenda na kurudi, na utaje mafuta, usije ukafika katikati ukaambiwa petroli haikuhesabiwa. Kutoka Kayenze unaweza kwenda kisiwa cha Bezi ukarudi mchana huo huo.

Boya la kuvaa ni lazima, kila mtu na lake, limefungwa, si la kukalia. Kijana wa mtumbwi atakuambia hakuna haja, ni hapa karibu. Meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Feri ya MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Hapa karibu ndipo penyewe. Asipokuwa na maboya, mshukuru, tafuta mwingine.

Wanawake wenzangu, msishangae mzee akisitasita kuwapandisha kwenye mtumbwi wa kuvulia. Baba yangu hakukubali niukanyage wake hata ukiwa nchi kavu. Mitumbwi ya abiria haina mwiko huo.

Usiku wa kwanza

Lala angalau usiku mmoja, chumba kilicho mbali na baa, chenye chandarua kisicho na tundu. Kitandaze ukikague kabla hujalipa. Kisha kama ni giza, toka saa mbili usiku ukae kwenye ngazi za hoteli zinazoshuka majini. Taa zitaanza kuwaka moja moja upande wa Ukerewe, halafu mstari mzima.

Kwetu utamkuta pale mwanamke mzee amejifunga kitenge, amekaa ngazi ya tatu. Ni mama. Kutoka barazani kwake zamani aliliona ziwa, sasa anauona ukuta, kwa hiyo kila usiku wa giza anakuja kukaa kwenye ngazi za watu, na walinzi wamezoea kumpisha. Anahesabu taa. Zikipita arobaini, kesho ndoo itashuka bei, naye analala mapema. Zikiwa chache anakopa pesa usiku huo huo ili awahi ndoo za kwanza. Msalimie akishamaliza. Ukimkatiza katikati anaanza upya.